Somo jipya la fasihi ya vita na uhamaji: mambo ambayo familia na viongozi wanapaswa kujua



Katika toleo hili tunaeleza jambo ambalo linaweza kuonekana liko mbali na maisha ya mtu anayelala chini ya turubai au katika nyumba ya jamaa aliyempokea. Ni pendekezo la kuanzisha somo jipya la fasihi katika vyuo vya mashariki ya Kongo, kwa wanafunzi wanaokaribia kumaliza lisansi. Somo lenyewe lingehusu vita, kuhama na kupatana. Lingesoma vitabu vya waandishi wanaojulikana, na pia hadithi, nyimbo na maombolezo ya watu waliokimbia makwao.

Ndiyo sababu tunawaandikia ninyi kwanza. Sehemu ya somo hilo ni mali yenu. Mtu akitaka kulima shamba lako, anakuja kuomba ruhusa na mnapatana masharti mbele ya mashahidi. Hadithi ya jamaa yako nayo ina mwenyewe.

Pendekezo hili bado ni pendekezo, na hakuna chuo kilicholipitisha. Tunalieleza mapema kwa sababu masharti yanawekwa vizuri zaidi kabla kazi haijaanza.

Somo la mwisho wa lisansi ni nini?

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo vilianza kufuata mpango unaoitwa LMD, yaani lisansi, masta na udaktari. Zamani mwanafunzi alisoma miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisansi. Katika mpango mpya lisansi ndiyo ngazi ya kwanza, nayo inachukua miaka 3. Kila mwaka una mihula 2 na krediti 60, na mwanafunzi anahitaji krediti 180 ili apate cheti chake. Krediti ni kipimo cha kazi: inahesabu saa za darasani pamoja na saa ambazo mwanafunzi anasoma na kuandika mwenyewe.

Miaka miwili ya kwanza ni ya kuweka msingi. Mwaka wa 3 ndio wenye masomo ya juu. Hapo mwanafunzi haandiki tu yale mwalimu anayosema. Anasoma vitabu vizima, anavilinganisha, anatoa hoja yake na kuitetea, na anafanya utafiti mdogo. Somo tunalolizungumzia lingewekwa katika mwaka huo wa 3, kwa muhula mmoja. Kijana wa mwaka wa kwanza hajazoea kuandika maneno ya mtu mwingine bila kuyapotosha, na hadithi za vita zinahitaji mkono uliozoea.

Faida yake inafikaje kijijini?

Wanafunzi wengi wa idara za lugha, hasa katika taasisi za juu za ualimu tunazoziita ISP, wanamaliza na kwenda kufundisha sekondari. Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja mwenye madarasa 4, kila darasa watoto 50. Kila mwaka watoto 200 wanamsikiliza. Kama anachojua juu ya vita ni kile tu alichosikia nyumbani kwao na kwa watu wa kabila lake, hicho ndicho atakachokipeleka darasani, hata kama hakusudii. Kama chuoni amejifunza kusoma ugomvi mmoja unavyosimuliwa na pande mbili, atajua namna ya kumjibu mtoto anayesema mbele ya wenzake, "Watu wa kabila fulani ndio waliotufukuza."

Darasa la namna hiyo lipo katika kila mji uliopokea wakimbizi wa ndani. Watoto wa jamii zilizopigana wanakaa kwenye benchi moja. Mwalimu asiyeandaliwa ananyamaza, au anaegemea upande mmoja. Yote mawili yanaumiza.

Mtu anaweza kusema kwamba mipango ya vyuo haibadiliki. Imebadilika mara nyingi. Chuo cha Lovanium kilianzishwa Kinshasa mwaka 1954, chuo cha serikali kikafunguliwa Lubumbashi mwaka 1956, na kingine Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 vyote vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Zaire, na masomo ya fasihi yakapelekwa Lubumbashi. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Kisha ukaja mpango wa LMD. Mpango wa masomo unaandikwa na watu, na watu wanaweza kuongeza ukurasa.

Wanafunzi watasoma nini?

Tunapendekeza sehemu nne. Tunazieleza kwa urefu kidogo, maana kiongozi akiulizwa atoe maoni yake anapaswa kujua vitabu vyenyewe vinasema nini.

*Sehemu ya kwanza: masimulizi ya wazee.* Mfano wetu ni utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, watu wa Walikale katika Kivu ya Kaskazini. Chifu Shemwindo wa Tubondo anawaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mtoto wa kiume atauawa. Anazaliwa Mwindo. Baba yake anamtupia mikuki, anamzika, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anafika salama kwa shangazi yake Iyangura. Anarudi Tubondo pamoja na shangazi na wajomba zake, na kijiji kinateketea. Baba anakimbilia chini ya ardhi, naye Mwindo anamfuata mpaka anamrudisha.

Hapo ndipo hadithi inapotufundisha. Mwindo hamuui baba yake. Waliokufa Tubondo wanafufuliwa, watu wanakusanyika, baba anakiri kosa lake mbele ya wote, shangazi naye anazungumza, na mtoto anasamehe. Baadaye Mwindo mwenyewe, akiwa chifu mwenye nguvu, anamuua joka lililokuwa rafiki wa Radi. Anachukuliwa juu mbinguni, anateswa huko na kufundishwa, ndipo anarudishwa kwa watu wake akiwa na maonyo juu ya namna ya kuishi pamoja. Aliyeonewa na kushinda, naye anaonywa. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi: kukiri mbele ya watu kulikuwa na kazi gani? Kwa nini shangazi, ambaye ni dada wa mkosaji na tena mlinzi wa aliyekosewa, ndiye anayekaa katikati?

Kuna jambo jingine la kuangalia katika kitabu hicho. Masimulizi hayo yaliandikwa mwaka 1956 kutoka kinywani mwa mzee Rureke, na yakachapishwa mwaka 1969 huko Marekani na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Jina la Rureke limo kitabuni, na kila msomaji anajua ni nani aliyesimulia. Tutarudi kwenye jambo hilo.

*Sehemu ya pili: historia iliyoandikwa na watu wadogo kwa Kiswahili chao.* Mwaka 1965 huko Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, André Yav alitunga kijitabu kwa niaba ya watu waliowahi kuwa maboi, yaani watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Kinaitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, lakini si kamusi. Ni historia ya mji na ya nchi kama ilivyoonekana kutoka jikoni na uani. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha mji ule, bila kufuata sheria za vitabu vya shule. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha pamoja na maelezo, na tangu hapo kinasomwa na wanahistoria wa nchi nyingi.

Kijitabu hiki kina faida kubwa kwa wasomaji wetu. Wako watu wanaotuambia, "Mimi sikusoma, Kiswahili changu ni cha barabarani, nitasema nini mbele ya profesa?" Maboi wa Elisabethville walikuwa na Kiswahili hichohicho, na maneno yao yamebaki. Tukumbuke pia kwamba Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza, inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba.

*Sehemu ya tatu: riwaya.* Hapa tunachagua vitabu vinne.

V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki Marekani mwaka 2025, aliandika *Entre les eaux* mwaka 1973. Ni habari ya padri anayeacha parokia na kujiunga na waasi porini, akidhani atapata haki huko, na pale pia anabaki mgeni. Familia nyingi za Kivu zina kijana aliyekwenda porini kwa nia aliyoiona njema. Kitabu hiki kinaonyesha mawazo ya mtu wa namna hiyo kutoka ndani, bila kumsifu na bila kumtupa.

In Koli Jean Bofane aliandika *Congo Inc.* mwaka 2014. Miongoni mwa watu wake yumo msichana aliyekimbia mauaji ya Kivu akaishia kuwa mtoto wa barabarani Kinshasa. Yumo pia aliyekuwa mkubwa wa kundi la silaha, ambaye sasa amepewa kazi ya heshima mjini. Mwandishi anaonyesha kwamba kukimbia hakuishi siku mtu anapofika mahali pasipo na risasi.

Gaël Faye aliandika *Petit pays* mwaka 2016. Mvulana wa Bujumbura, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda, anaona vita vya Burundi tangu 1993 na anapata habari za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Kitabu kinaonyesha namna chuki inavyoingia katika mtaa wa watoto waliokuwa wakicheza na kuiba maembe pamoja.

Cha nne ni cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Katika *By the Sea*, cha mwaka 2001, mzee Saleh Omar anafika Uingereza kuomba hifadhi, na pasi yake ina jina la mtu mwingine. Huko anakutana na Latif Mahmud, mtoto wa yule mwenye jina. Familia zao mbili ziligombania nyumba kule Zanzibar, na ugomvi ule ulimletea mzee miaka mingi ya kifungo. Sasa wako wawili katika nchi ya baridi, kila mmoja na upande wake wa hadithi. Wanasimuliana. Latif anagundua kwamba mambo aliyoambiwa utotoni hayakuwa yote, na mzee naye anasikia jinsi mambo yalivyoonekana kutoka nyumba ya pili.

Tunakipenda kitabu hiki kwa sababu kila baraza la wazee katika Masisi, Kalehe au Ituri linajua ugomvi wa namna hiyo. Familia ilikimbia, nyingine ikaingia shambani, miaka ikapita, watoto wakazaliwa juu ya udongo uleule. Karatasi za mahakama haziwezi peke yake kumaliza neno kama hilo. Kitabu kinawapa wanafunzi zoezi: eleza ugomvi kama Saleh Omar, kisha eleza ugomvi uleule kama Latif, kwa haki sawa.

*Sehemu ya nne: masimulizi ya watu walio hai.* Hapa mwanafunzi anakwenda kusikiliza: wimbo wa akina mama waliotembea siku nyingi, hadithi ambayo bibi anawasimulia wajukuu wasioijua nyumba ya babu yao, methali zilizozaliwa kambini, maombolezo. Vita vilipofika Goma Januari 2025, na kambi kubwa kama Bulengo na Lushagala zikavunjwa mwezi uliofuata, watu walitawanyika kila upande. Nyimbo na masimulizi yaliyokusanyika mle kwa miaka yalitawanyika nao. Kila mzee anayekufa njiani anaondoka na sehemu yake.

Sehemu hii ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo yenye hatari.

Hatari ziko wapi?

Kwanza, hadithi inaweza kumfichua mtu. Ukiandika "mama mjane wa watoto 5, mke wa zamani wa mwalimu wa kijiji fulani", hukutaja jina, lakini jirani yake anamjua. Aliyemtendea ubaya naye anamjua, na pengine bado ana silaha.

Pili, hadithi ya upande mmoja inaweza kuwasha moto. Mwanafunzi akikusanya vilio vya jamii moja tu na kuvisoma darasani, wenzake wa jamii nyingine watatoka wakiwa na hasira au aibu, na hakuna atakayejifunza.

Tatu, kusimulia kunaweza kumrudisha mtu katika maumivu yake. Mwanafunzi anaondoka na daftari lake. Mama anabaki usiku bila usingizi.

Nne, kuna tumaini la uongo. Wakimbizi wa ndani wamezoea kwamba mtu akija na kalamu anaandika majina ya msaada. Mtu akisimulia kwa kudhani atapewa unga au shiti, hakusimulia kwa hiari. Tena anaweza kubadilisha maneno yake ili yampendeze mwenye kalamu.

Tano, mwenye hadithi anaweza kusahauliwa. Hadithi inakuwa kazi ya mwanafunzi, kisha makala ya profesa, kisha kitabu cha nchi za nje, na familia haijaona hata ukurasa mmoja. Ndiyo maana tulitaja jina la mzee Rureke. Wako wasimulizi wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Masharti tunayotaka yaandikwe ndani ya pendekezo

Tunasema ndani ya pendekezo, kwa sababu ahadi ya mdomo inaondoka na mwalimu anapohamishwa. Kilichoandikwa katika mpango wa somo kinamfunga hata mwalimu atakayekuja baada yake.

1. Ruhusa inaombwa kwa lugha ambayo msimulizi anaijua vizuri, na mbele ya mtu anayemwamini. Anaambiwa wazi kwamba hii si orodha ya msaada, na kwamba akikataa hapotezi kitu.

2. Msimulizi anaweza kusimama katikati, na anaweza kurudi baadaye na kusema, "Futeni." Maneno yake yanafutwa bila kuulizwa sababu.

3. Msimulizi ndiye anayechagua: jina lake liandikwe kwa heshima kama la Rureke, au lifichwe. Akichagua kufichwa, vinabadilishwa pia kijiji, hesabu ya watoto, kazi na tarehe, vyote vinavyoweza kumtambulisha.

4. Wanafunzi hawaendi kutafuta hadithi za ubakaji, wala hawawahoji watoto. Mtu akianza mwenyewe kusema, mwanafunzi anasikiliza kwa heshima, haandiki, na anamwelekeza kwa watu wenye ujuzi wa kumsaidia.

5. Darasa linasikiliza jamii zaidi ya moja. Kazi ya upande mmoja haikubaliwi kuwa imekamilika.

6. Sauti na maandishi yanatunzwa mahali pamoja chini ya ulinzi wa idara. Hayatumwi kwa simu kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa rafiki yake.

7. Kabla ya mtihani, mwanafunzi anarudi kwa msimulizi na kumsomea aliyoyaandika, kwa lugha yake. Msimulizi anasahihisha. Nakala moja inabaki kwake, kama anaitaka na kama si hatari kwake kuwa nayo.

8. Watu wawili au watatu waliohama, akiwemo mwanamke, wanakaa katika kamati inayoangalia somo hili kila mwaka.

Sharti la 7 ndilo linalopimwa kwa urahisi. Familia ikiuliza swali moja tu, iulize hili: "Utarudi lini kutusomea?"

Pendekezo linapita njia gani?

Viongozi wengi wametuuliza mlango uko wapi. Tunaeleza kwa kifupi.

Somo linaanzia kwa mwalimu wa idara, kwa mfano idara ya Kifaransa au ya lugha za Kiafrika. Anaandika karatasi inayosema: jina la somo, mwaka na muhula, krediti ngapi, lengo, vitabu, namna ya kufundisha, namna ya kutahini, na ni nani atakayefundisha. Idara inaijadili. Ikikubali, inaipeleka katika baraza la kitivo au la sehemu ya masomo. Kutoka hapo inakwenda kwa uongozi wa chuo. Kwa kuwa mipango ya masomo inasimamiwa kitaifa, wizara ya elimu ya juu nayo ina neno lake.

Kila mlango una swali lake. Idara itauliza kama vitabu vinapatikana, na hilo ni swali la haki, maana kitabu kimoja kutoka Ulaya kinaweza kumaliza fedha ya chakula ya mwanafunzi kwa wiki nyingi. Tunapendekeza nakala chache ziwekwe maktabani, zisomwe kwa zamu, na darasa ligawanyike katika vikundi vinne, kila kikundi kitabu chake. Kitivo kitauliza kama somo halirudii jingine lililopo. Uongozi utauliza kama ni salama. Hapo ndipo barua ya viongozi wa waliohama ina uzito: ikionyesha kwamba wamesoma masharti na wameyakubali au wameyasahihisha, chuo kinajua kwamba hakiingii katika nyumba ya watu bila hodi.

Namna ya kutahini nayo ni jambo kubwa. Mtihani wa kukariri tarehe na majina ya waandishi hautaonyesha kama mwanafunzi amejifunza kusikiliza. Tunapendekeza kazi mbili: andiko moja linalolinganisha masimulizi mawili ya tukio moja, na jingine linaloeleza jinsi mwanafunzi alivyotimiza masharti kwa msimulizi wake.

Maneno yanayopinga, na majibu yetu

*"Watu wana njaa, ninyi mnazungumza fasihi."* Njaa inakuja kwanza, na hakuna somo la chuo linaloweza kuchukua nafasi ya chakula, dawa na usalama. Hatuombi fedha ya misaada igeuzwe kuwa vitabu. Lakini vyuo vinafundisha kila mwaka, na watoto wanaingia darasani kila mwaka, vita viwepo au visiwepo. Kitu fulani kitafundishwa. Tunajali kifundishwe nini.

*"Mtafufua vidonda."* Inawezekana, na masharti ya 2 na 4 yamewekwa kwa sababu hiyo. Hata hivyo, kunyamaza pia hakuponyi. Mtoto ambaye haambiwi kitu nyumbani anaambiwa na barabara.

*"Kwa nini fasihi, si somo la amani au la historia?"* Masomo hayo yana kazi yake. Historia inatafuta ni nini kilichotokea, na mashahidi wanahojiwa ili ukweli ujulikane. Fasihi inauliza jinsi jambo lilivyoishi ndani ya mtu, na inamzoeza msomaji kukaa kwa saa nyingi ndani ya kichwa cha mtu asiyemfanana. Mzee anayesuluhisha ugomvi anafanya kazi hiyohiyo anaposema, "Sasa tumsikie na mwenzake."

*"Kwa lugha gani?"* Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kifaransa, na wanafunzi wataandika mitihani kwa Kifaransa. Lakini masimulizi yanapaswa kubaki pia katika lugha yaliyosemwa, iwe Kiswahili, Kinyanga, Kihunde, Kinyarwanda, Kibembe au Kilendu, na tafsiri iwekwe kando. Mwandishi wa Senegal, Boubacar Boris Diop, alikwenda Rwanda mwaka 1998 pamoja na waandishi wengine wa Afrika, akaandika kwa Kifaransa riwaya *Murambi*, iliyotoka mwaka 2000, juu ya mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 akatoa riwaya kwa Kiwolofu, lugha ya mama yake. Mtu anaweza kusema na ulimwengu na bado akasema na watu wa kwao.

Tunaomba nini kwa viongozi?

Wenyeviti wa kamati za waliohama, machifu na wami, wachungaji, mapadri, maimamu na akina mama wanaoongoza vikundi: someni masharti 8 mbele ya watu, kwa sauti, kwa lugha yao. Ongezeni yanayopungua na kateni yasiyofaa. Mwanafunzi au mtafiti yeyote akifika kwenu leo, hata kabla somo hili halijakuwepo, mpimeni kwa masharti hayohayo. Hamhitaji kungoja chuo.

Na familia zinazopenda kuanza, zianze nyumbani. Jioni moja, mzee asimulie kijiji kilivyokuwa kabla ya vita: mto, soko, majirani wa kila kabila kwa majina yao, sherehe walizokula pamoja. Mtoto anayejua kuandika aandike. Daftari hilo ni lenu. Likae kwenu, hata kama hakuna profesa atakayeliona.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika hadithi ya Mwindo, ni nini kilichowezesha baba na mtoto kupatana? Kwetu ni nani anayeweza kufanya kazi ya shangazi Iyangura?

2. Kama mwanafunzi angekuja kuomba hadithi ya familia yako, ungemwambia nini, na ungebakiza nini?

3. Je, unaweza kusimulia ugomvi mmoja wa shamba kama unavyosimuliwa na upande wa pili, mpaka mtu wa upande huo aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyosema"?

4. Katika masharti 8, ni lipi lenye uzito kuliko yote kwenu? Ni lipi linalokosekana?

Kundi likishazungumza, mtu mmoja aandike majibu kwa kifupi na kuyakabidhi kwa wale wanaowaletea jarida hili. Tutayaweka pamoja na pendekezo litakapopelekwa kwa idara, ili walimu wayasome kabla ya kupiga kura.